Beki Tatu wa Beki Tatu

Binamu yangu aliyebaki Kigoma alinipigia simu siku moja kuniuliza, kama wanavyouliza wote, nafanya kazi gani huku. Nilikuwa stesheni ya Lidcombe nasubiri treni ya kurudi Merrylands, upepo unapiga, nikamjibu kwa kifupi:

"Nafanya kazi kwa beki tatu."

Kisha kikaja kicheko kilichonifanya niitoe simu sikioni.

"Kwa beki tatu? Kumbe huko Ulaya hata hausigeli ana hausigeli wake!"

Kwake yeye Sydney ni Ulaya, na sijawahi kupata nguvu ya kumsahihisha. Lakini kwa ambaye hajui utani wenyewe: beki tatu ni mchezaji wa mpira anayelinda upande wa kushoto, namba tatu mgongoni. Mtaani Tanzania, nilikokulia, beki tatu ni pia msichana wa kazi za ndani, yule anayefua, anayepika na kulea watoto wa watu. Sijui nani alianza kuwaita hivyo. Nadhani ni mtu aliyekuwa amekaa sebuleni akisubiri chai, akagundua kwamba kule nyuma, jikoni, kuna mtu ambaye kazi yake ni kuzuia tu: njaa isiingie, uchafu usiingie, mtoto asianguke. Haendi mbele, hafungi goli. Anatajwa siku sahani ikivunjika.

Binamu yangu alicheka bila kujua kwamba amelenga mara mbili. Bosi wangu alikuwa beki tatu kweli, Mhispania aliyekuja kumalizia mpira wake kwenye timu moja ya hapa Sydney. Na mimi nilikuwa msafishaji wa nyumba yake. Jioni ile ile utani ulikuwa umeshazunguka kwenye kundi la ukoo, kutoka Kigoma mpaka Minto kwa dada yangu, na jina likanishika: Beki Tatu wa Beki Tatu. Walitaka nione aibu. Nina hasira nyingi, hilo nakubali, lakini aibu ya kazi sina. Aibu yangu yote niliimalizia kambi ya wakimbizi, kwenye foleni ya maji.

Sikuanza na ufagio. Nilipofika nchi hii nilifanya kazi ya kutunza wazee, kama nusu ya wanawake wa kanisani kwetu. Nilidumu mpaka siku niliyoambiwa nimlishe bibi mmoja haraka kwa sababu kuna vyumba vingine vinasubiri. Bibi alikuwa bado anatafuna. Nilimwangalia yule supervaiza, nikamwangalia bibi, nikaendelea na kijiko kwa mwendo wa bibi. Mwezi uliofuata saa zangu za kazi zilipungua, nami sikusubiri ziishe. Nilijisajili kufanya usafi wa nyumba kwa jina langu mwenyewe, nikanunua mopu na ndoo zangu. Tangu siku hiyo bosi ni mimi, mfanyakazi ni mimi, na siku nikifukuzwa nitakuwa nimejifukuza mwenyewe.

Nyumba ya Mhispania iko mashariki, karibu na bahari, mbali kabisa na kwetu. Wiki za kwanza tulisalimiana tu. Kisha siku moja niliingia chumba cha kufulia nikiwa nimebeba kapu la nguo mikono yote miwili, nikakuta mpira umekaa katikati ya njia. Niliusukuma kwa mguu bila kufikiri. Ukatoka mlangoni, ukapita katikati ya miguu ya kiti, ukasimama kwenye majani bustanini. Yeye alikuwa jikoni na kikombe chake. Akakiweka chini.

"Kushoto," akasema kwa Kiingereza.

"Kushoto," nikasema.

"Ulicheza wapi?"

"Kambini. Nyuma."

"Nyuma kushoto?"

Nilipotikisa kichwa kukubali, mtu huyu aliyekuwa akinisalimia kwa adabu kama mgeni wa ubalozi alicheka, akavuta kiti, akaniambia nikae. Sikukaa, nguo zilikuwa na maji. Lakini tangu siku hiyo tulikuwa watu wa namba ile ile.

Niseme kidogo kuhusu kushoto. Bibi yangu alinichapa mkononi kwa mwiko kila nilipokula kwa mkono wa kushoto, na kila nilipompa mtu kitu kwa mkono huo, na nilipopunga. Nilikuwa mtoto mwenye upande mbaya. Halafu kambini mwalimu mmoja akaanzisha timu ya wasichana, akatupanga mstari, akauliza nani anapiga kushoto. Mkono wangu ulikuwa peke yake hewani. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kuulizwa ule upande mbaya uko wapi na kuambiwa uulete haraka, unahitajika. Sijasahau, na sitaki kusahau.

Basi akawa ananisimulia. Alikuwa anakaa jikoni na mfuko wa barafu juu ya goti, mimi nikifuta makabati, na maisha yake yakatoka vipande vipande. Kiingereza chake na changu vililingana: vilitosha kununulia vitu, havikutosha kudanganyia.

Alizaliwa mji mdogo wa bara, mji wa mizeituni, baba yake dereva wa trekta. Utotoni alikuwa mshambuliaji, anafunga mpaka wazazi wa watoto wengine wananuna. Timu kubwa ikamchukua akiwa mvulana mdogo, akalala bwenini, na alipofika miaka kumi na sita kocha akamwita pembeni. Washambuliaji, akaambiwa, tunao wa kujaza basi. Nyuma kushoto hatuna mtu. Alimpigia mama yake simu analia. Mama akamuuliza swali moja tu: "Hao wa nyuma, wanapewa chakula?" Wanapewa. "Basi kaa nyuma."

Nilicheka nikamwagia sabuni kiatu chake. Ningependa kumjua mama huyo.

Hakupata nafasi timu ile kubwa. Aliazimwa timu moja baada ya nyingine, kama ngazi ya mtaa, kila mwenye paa linalovuja anaichukua na kuirudisha mvua ikiisha. Alicheza daraja la pili miaka mingi, safari za basi usiku kucha, viwanja vyenye matope. Akapanda daraja la kwanza na timu ambayo hakuna aliyeitarajia, na huko akacheza kwa mwaka na ushee. Katika huo mwaka na ushee dunia imekumbuka jambo moja. Winga mmoja mashuhuri alimgeuza hivi, akamgeuza vile, na Mhispania wangu akakaa kitako kwenye nyasi huku mpira ukienda wavuni. Ipo kwenye simu za watu mpaka leo. Binti wa dada yangu ndiye aliyenionyesha; alitumiwa na kijana wake, shabiki mkubwa wa mpira.

"Mama mdogo, is this your boss?" aliniuliza. "Maskini, look at him."

Nikamuuliza mwenyewe siku iliyofuata. Mimi sijui kuzunguka maneno. Aligeuza mfuko wa barafu upande wa pili.

"Ilikuwa kipindi cha kwanza," akasema. "Baada ya pale hakunipita tena mpaka mwisho wa mechi. Hiyo hakuna anayeitazama."

Nilisimama na kitambaa mkononi nikijisikia kutaka kupigana na mtu, ila sikujua nimpige nani.

Baada ya Hispania alikwenda Ugiriki, akaenda Kupro, halafu akaja huku, ambako walimpokea kwa shangwe na skafu za rangi ya timu. Misimu miwili shangwe ikaendelea. Wa tatu wakamweka benchi. Akiwa na miaka thelathini na sita wakamwita ofisini, wakamwambia wamempangia siku nzuri ya kuaga: atazunguka uwanja na watoto, atapewa maua, na yeye atasema amechoka, anataka kukaa na familia. Maneno walikuwa wameshamwandalia.

Siku hiyo nilikuwa nyumbani kwake napiga pasi. Aliingia, akamweleza mkewe kwa Kihispania, na sikuelewa kitu isipokuwa ngumi iliyotua mezani. Baadaye akanieleza na mimi.

"Wananiambia niseme nimechoka," akasema. "Sijachoka. Nimewaambia: semeni hamnitaki. Ni maneno mafupi. Semeni."

"Wakasema?"

"Hawakusema. Basi na mimi sikuchukua maua."

Nilipomsimulia dada yangu wa Minto, alitikisa kichwa kwa huruma ile ya kanisani. "Asiyekubali kushindwa si mshindani," akasema. Methali hiyo naijua, na naiheshimu inapostahili. Lakini nimeona kwamba mara nyingi anayeisema ndiye mwenye kombe mkononi. Huyu alikuwa hajashindwa. Alikuwa ameombwa adanganye kwamba amechoka, akakataa. Dada hakuona tofauti. Tuliishia kugombana juu ya mwanamume ambaye yeye hajawahi kumwona.

Mhispania alitafuta timu nyingine akapata, timu ndogo ya huku kwetu magharibi, vijana wanaotoka ghalani na kwenye viwanda wakiwa bado na vumbi kwenye nywele. Uwanja hauko mbali na Minto. Mlangoni wanachoma soseji na kukuuzia ndani ya kipande cha mkate. Nilikwenda Jumapili moja baada ya ibada, nikiwa na gauni la kanisani, nikasimama kwenye uzio.

Nilikuwa sijawahi kumwona akicheza kwa macho yangu. Vijana walimkimbilia kama wanaokimbilia treni, na mmoja kwenye uzio alikuwa anamwita babu kila akigusa mpira. Yeye hakukimbia. Alitembea mpaka pale mpira unapokuja, akawa amefika kabla yake. Sijui kuelezea vizuri zaidi. Winga alikuwa anainua kichwa na kukuta njia imefungwa, anarudi, anajaribu tena, imefungwa. Yule wa kumwita babu akanyamaza polepole, akaenda kununua soseji.

Kisha kipindi cha pili akapanda mbele, akasahau, na nyuma yake nikaona nafasi tupu kama mlango uliosahauliwa wazi. Nikaona winga wao naye ameiona. Nikapiga kelele kwa sauti ambayo nilikuwa sijaitumia tangu kambini:

"Beki tatu! Rudi!"

Hajui Kiswahili hata neno, zaidi ya "mimi pia," ambalo alilidaka kwa sababu kila nikisema jikoni "nina njaa" nilimfundisha ajibu hivyo. Lakini sauti ya anayeita beki arudi ni moja duniani. Aligeuka, akarudi, mguu wake wa kushoto ukaufikia mpira na kuutoa nje. Halafu akatafuta kwenye uzio nani ameita, akaliona gauni langu, akainua kidole gumba.

Baada ya mechi akaniuliza, beki tatu ni nini. Nikamwambia nusu: namba tatu, nyuma kushoto, wewe na mimi. Nusu ya pili niliiweka. Siyo kwa aibu. Alikuwa amepokonywa jezi na jukwaa, nikaona leo amepewa jina na limemkaa, nikasema simwekei maelezo. Tangu hapo nilikuwa nikifungua mlango wake asubuhi nasikia kutoka jikoni, "Habari, beki tatu!" Nami nilijibu, "Nzuri, beki tatu!" Mkewe alidhani ni salamu ya Kiafrika, akaanza kuitumia na yeye.

Sasa nije kwa dada, maana yote haya yalikuwa yanaelekea kwake.

Dada amenizidi miaka minane, na baada ya mama yetu kufariki ndiye aliyenilea. Tulikuwa kambini, wakimbizi kutoka Burundi, na hatukuruhusiwa kutoka. Yeye alitoka. Alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, akapenya akafika Kigoma mjini, akapata nyumba ya mfanyabiashara akawa msichana wa kazi. Kutoka kwenye nyumba ile ndipo ilipokuja sabuni yangu, sare yangu ya shule, na njumu zangu za kwanza, za mtumba, kubwa mno, nikazijaza matambara. Bila njumu zile nisingecheza. Halafu siku moja akarudi kambini asubuhi na mapema akiwa hana hata mfuko. Sukari ilikuwa imepungua kwenye kopo, na mama mwenye nyumba akamtoa nje mbele ya majirani, akimwita mwizi. Dada hakuigusa sukari ile. Alinieleza mara moja tu, akaniambia nisimuulize tena.

Huku Sydney ameijenga nyumba yake Minto kwa mikono ya kazi, yeye na shemeji, na zaidi yangu hakuna mtu hata mmoja anayejua habari za nyumba ile ya Kigoma. Hata mtoto wake hajui. Ukimuuliza aliishi wapi miaka ile, anasema alikaa kwa mjomba.

Binti yake akachumbiwa. Kijana ni Mtanzania, mzuri, mcheshi, wazazi wake watu wa Dar es Salaam waliokuja kwa viza ya kazi, wasomi. Mama wa kijana alikuja Minto kunywa chai, nami nilikuwepo. Ni mwanamke mchangamfu, sina ubaya naye. Tukazungumza kuhusu nyumbani, akauliza tulikulia wapi, tukasema Kigoma.

"Kigoma!" akasema kwa furaha. "Mabeki tatu wetu wote pale Dar walitoka Kigoma. Wachapakazi kwelikweli! Ila sasa ukimwacha na kopo la sukari..." Akapunga mkono, akacheka.

Dada akacheka pamoja naye. Nilikuwa nimekaa karibu, nikaona anavyomimina chai: alimimina mpaka ikafurika kwenye kisosi, akaendelea kumimina.

Wageni walipoondoka alinifuata jikoni.

"Siku ya posa watafanya utambulisho," akasema. "Kila mtu atasimama aseme yeye ni nani na kazi yake. Wewe ni mama mdogo, huwezi kujificha."

"Sijifichi."

"Sema uko healthcare. Ulikuwa kweli huko, sio uongo."

"Nilikuwa. Siko."

"Au sema property management. Si una funguo za nyumba za watu?"

Nilicheka, akakasirika. Na hapo hapo akaniomba jambo la pili. Kijana alikuwa anamwomba mchumba wake kila siku: yule mchezaji, mama yako mdogo anamjua, tafadhali aje kwenye posa yetu. Dada alikubali mara moja. Mchezaji wa Ulaya ukumbini kwetu, mbele ya watu wa Dar, nani angekataa? Ila mimi nimtambulishe kama rafiki wa familia. Alimtaka mgeni, hakutaka ufagio uliomleta.

"Dada," nikamwambia, "kazi yangu ni halali. Nasafisha nyumba, nalipa kodi, narudi nyumbani. Unataka niseme nini?"

"Nataka unyamaze mara moja tu maishani mwako!" Macho yake yalikuwa yamejaa. "Wakijua wewe ni beki tatu, watauliza na mimi nilikuwa nani. Watu wale wanajua kuuliza. Wakifika Kigoma watafika kwenye sukari. Unataka mwanangu aolewe na watu wanaomhesabia vijiko?"

Ndipo nilipoelewa kwamba haoni aibu juu yangu. Anaogopa. Miaka yote ile, baada ya nyumba na gari na kwaya, bado alikuwa amesimama nje ya lango la watu akiitwa mwizi. Nilimwonea uchungu. Na bado sikukubali.

"La kwako sitalisema," nikamwambia. "Hata wanikate ulimi. Lakini la kwangu sitalidanganya. Mficha uchi hazai, dada."

"Mimi nimeshazaa," akanijibu, "na huyo niliyemzaa ndiye ninayemficha."

Hatukuzungumza tena mpaka siku ya posa. Wiki zile nilikuwa nikipanda treni nabishana na dirisha. Nilijiambia labda dada ana haki, neno moja la uongo halijaua mtu, ni kwa ajili ya mtoto. Halafu nilikuwa nafika mashariki nafungua mlango, namkuta Mhispania bustanini anafanya mazoezi na kamba kiunoni, peke yake, kwa ajili ya mechi ya Jumapili mbele ya watu wanaokula soseji. Walimwambia aseme amechoka. Yalikuwa maneno mawili matatu tu na wangempa maua.

Posa ilifanyika ukumbi wa kukodi Lidcombe, Jumamosi mchana. Upande wa kijana walikuja wamependeza, kitenge kimoja, na mshenga wao, mzee mfupi mwenye sauti ya redio, akatuchekesha kabla hajakaa. Mhispania na mkewe walikuja wamevaa kama wanakwenda kanisani, wakakaa meza ya pembeni. Kijana alimpiga picha mpaka nikamwonea huruma. Mama wa kijana akauliza tumemjuaje. "Rafiki wa familia," dada akasema haraka, akampitishia sambusa.

Utambulisho ukaanza upande wetu. Shemeji, ambaye anaendesha forklift ghalani Minto, akasimama akasema yuko logistics. Makofi. Dada akasema ni mama mzazi, yuko healthcare. Makofi. Mshenga akaniletea maikrofoni, akasema, "Na huyu dada mwenye macho makali?"

Dada hakunitazama. Alikuwa anatazama kitambaa cha meza, anakikunja na kukikunjua.

Nikaipokea maikrofoni kwa mkono wa kushoto. Najua ni utovu wa adabu. Nilifanya makusudi.

"Mimi ni mama mdogo wa binti," nikasema. "Dada yangu huyu ndiye aliyenilea, kila nilicho nacho ni jasho lake. Kazi yangu ni kusafisha nyumba za watu. Kwa lugha ya kwetu, mimi ni beki tatu."

Baadhi ya watu wakacheka, wakaacha. Mama wa kijana akageuka kumtazama dada, kisha akanitazama mimi, na nikaona swali linaanza kupanda usoni mwake. Hilo ndilo dada alilolisema jikoni. Nikasema moyoni, nimemuua dada yangu.

Kiti kikakwaruza sakafu kule pembeni. Mhispania alikuwa amesimama. Katika mchana mzima wa Kiswahili alikuwa hajaelewa neno, na sasa ameyasikia mawili anayoyajua, kwa sauti yangu, kwenye maikrofoni, watu wanasimama na kujitambulisha. Akadhani ni zamu yake. Akanyoosha koti, akaweka mkono kifuani kama wanavyofanya wimbo wa taifa ukipigwa, akasema kwa sauti ya uwanjani:

"Mimi pia! Beki tatu!"

Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Kijana alipiga mluzi, wanawake wakapiga vigelegele, shemeji alikuwa anajifuta machozi kwa tai. Mhispania akainama mbele yetu, anafurahi, hajui alichosema, na mkewe anampigia makofi. Mshenga alinipokonya maikrofoni akiwa hoi kwa kucheka.

"Jamani, tuelewane kabla hatujatoa posa," akasema. "Mabeki tatu mko wangapi nyumba hii? Tusije tukaoa timu nzima."

Nikafungua mdomo kusema wawili.

"Watatu," akasema dada.

Hakusimama wala hakuomba maikrofoni. Alikuwa ameweka kile kitambaa chini, amekinyoosha vizuri kwa kiganja, na anamtazama mama wa kijana. Binti yake alikuwa amegeuka na mdomo wazi. Kicheko kikafa meza baada ya meza, mpaka Mhispania naye akakaa.

"Wa kwanza ni mimi," dada akasema. "Kigoma mjini, kabla huyu hajajua kufunga kamba za njumu. Na sukari ya watu, mama, sikuigusa."